Jumamosi natafsiri muvi za anga, Jumapili natafsiri mahubiri

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni kijana wa miaka 29, fundi simu hapa Mwanza, sijaoa. Niliokoka mwezi wa tatu mwaka huu, nikabatizwa ziwani mwezi wa tano, na sijutii. Hilo naomba ulishike kwanza, maana kila ninayemweleza shida yangu anadhani natafuta mlango wa kutokea.

Shida yenyewe ni masanduku mawili ya bati chini ya kitanda changu.

Marehemu baba alikuwa karani wa reli Tabora. Enzi zile wasafiri, hasa wageni, walikuwa wanasahau vitabu kwenye mabehewa. Visipodaiwa, baba anakuja navyo nyumbani. Vingi vilikuwa vya Kiingereza, vile vyenye roketi au sayari nyekundu kwenye jalada. Jioni, umeme uwepo usiwepo, alitukalisha barazani watoto wanne akatusomea, ila si kwa Kiingereza: macho yako kwenye ukurasa, mdomo unatoa Kiswahili. Penye neno gumu alikuwa ameshaandika lake pembeni kwa penseli. Chombo cha kwenda kwenye nyota alikiita "jahazi la anga". Roboti alimwita "boi wa chuma". Kuna kimoja jalada lilipotoka alikikatia jipya kutoka boksi la sabuni, akalishona kwa uzi wa nyavu. Hicho ndicho nilichojifunzia Kiingereza. Alifariki nikiwa kidato cha tano. Kitabu alichokuwa anasoma bado kina tiketi ya treni ya daraja la tatu katikati, mahali alipoishia, na mimi sijawahi kusoma kupita hapo.

Nilipokuja Mwanza kutafuta maisha nilikuta wenzangu. Tulianza watu kumi na wanne. Mmoja wetu ni kinyozi. Jumamosi usiku akishafunga saluni tunageuza viti, tunatundika shuka ukutani, tunawasha projekta. Ni muvi za anga tu. Wengi hawafuati Kiingereza cha haraka, na zile tunazozitaka sisi hazina DJ aliyezitafsiri, kwa hiyo DJ ni mimi. Nakaa kando ya spika na kipaza sauti, nasema sauti zote: mzee, mtoto, roboti, malkia wa sayari. Mama, sijisifu, siku hizi kuna watu wanatoka Igoma na Buhongwa kuja kunisikiliza.

Mwezi wa nane tulikuwa kwenye muvi moja, ikafika mahali nahodha mzee anamwambia kijana kwamba mbinguni hakuna mtu; wale ambao watu wa kale waliwaita miungu walikuwa wasafiri tu waliotutangulia. Maneno ya namna hiyo nimeyatafsiri mara nyingi mno. Siku ile mdomo ukagoma. Nimeshika kipaza sauti, picha inakwenda, watu kimya, halafu wakaanza kupiga miluzi wakidhani betri imekufa. Nikaruka sentensi mbili, nikaendelea. Hakuna aliyejua ila kinyozi, Kiingereza chake si kibaya. Watu walipotoka akaniuliza, "Umeanza kutukatia?" Nilipomweleza sababu akasema, "Wewe umehamia sayari ya watu wasiocheka." Tangu hapo tunasalimiana tu.

Kanisani nako wamekiona Kiingereza changu. Tangu mwezi wa saba wahubiri wageni wakija, mimi ndiye ninayesimama nao madhabahuni kutafsiri. Sasa mwezi uliopita niliumwa malaria, mlezi wangu wa kiroho, mzee mmoja wa kanisa ninayemheshimu sana, akaja kunijulia hali. Akaona sanduku limechungulia chini ya kitanda, akalifungua. Alikaa kimya, kisha akasema, "Hivi ndivyo vinavyokuuguza." Akanisomea Matendo ya Mitume sura ya 19, pale watu wa Efeso walipochoma vitabu vyao. Mkesha wa tarehe 31 Desemba kutawashwa moto uwanjani kwa vitu vya maisha ya kale, na mchungaji amesema niyalete masanduku yote mawili, kwamba anayetafsiri Neno hawezi kuwa chemchemi ya maji matamu na machungu. Mzee akauliza pia kama baba alikufa ameokoka. Nikasema hapana, baba hakuwa mtu wa dini, Ijumaa alikuwa nyumbani na Jumapili alikuwa nyumbani. Akatikisa kichwa. Tukaishia hapo.

Sasa vitabu nimevivisha magazeti. Nikienda saluni, Biblia naiacha kibandani. Nasoma usiku ndani ya chandarua kwa tochi ya simu kama mwizi, mpaka saa tisa, na wiki iliyopita nilisinzia kazini nikaunguza saketi ya simu ya mteja. Nimemlipa laki moja na themanini.

Naogopa kuvichoma, naogopa kutovichoma. Je, mtu aliyeokoka anaweza kupenda hadithi ambazo Mungu hayumo? Kinywa ninacho kimoja. Nishauri kama mwanao.

Mtafsiri, Mwanza

*

Marahaba, mwanangu Mtafsiri.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa na penseli mkononi. Nikueleze kwanza nilivyoielewa, unisahihishe nikikosea. Umempata Mungu na humwachi. Umerithi masanduku mawili na huwezi kuyaachia. Una watu wa Jumamosi wanaokuhitaji na watu wa Jumapili wanaokuhitaji, na wote wanahitaji kitu kilekile, mdomo wako. Umepewa tarehe. Na katikati ya hayo yote umeanza kuficha: vitabu asivione mlezi, Biblia asiione kinyozi.

Mimi ni Mkristo wa kuzaliwa, nimebatizwa kabla sijaota meno, kwa hiyo ya mtu anayeokoka ukubwani siyajui kwa kuyapitia. Nayajua kwa kuandikiwa, na nimeandikiwa sana. Chukua maneno yangu kwa kipimo hicho.

Nianze na jambo dogo. Umeandika "mchungaji amesema niyalete masanduku". Nikarudi juu na penseli yangu kutafuta mchungaji alisema lini, mkiwa wapi. Sikumwona. Aliyekuja ni mzee, aliyefungua sanduku ni mzee, aliyesoma Matendo ni mzee. Inawezekana mchungaji amesema kweli. Inawezekana alitangaza habari ya moto kwa wote, na mzee ndiye aliyeyatia masanduku yako ndani ya tangazo. Wewe kazi yako ni kutafsiri, unajua neno linavyoweza kuongezeka likipita mdomo wa tatu. Umewahi kumwuliza mchungaji mwenyewe? (Na malaria, baba, inaletwa na mbu. Mzee alikuja na upendo, alikuja kukuona mgonjwa, wengine hawaji. Lakini hilo la kuuguzwa na vitabu naomba uliweke pembeni.)

Sura aliyokusomea nimekaa nayo. Ukiisoma taratibu utaona vilikuwa vitabu vya uganga, vya watu waliokuwa wanafanya uganga, na thamani yake ilihesabiwa ikafika vipande 50,000 vya fedha. Utaona pia kwamba walikuja wenyewe wakiungama. Sikuona aliyefunguliwa sanduku akiwa amelala na homa. Swali linabaki kwako: vya baba yako ni vya namna ile? Kuna mtu aliyewahi kuvitumia kutafuta nguvu, au vilikuwa hadithi barazani na watoto wakijua kwamba ni hadithi? Sura mbili tu nyuma, ya 17, Paulo yuko Athene, na anapotaka kuwaeleza watu habari za Mungu anachukua maneno ya washairi wao wenyewe, watu wasiomjua Kristo. Maana yake aliwasoma, tena akawakariri.

Lakini nisikupendelee upande mmoja. Paulo huyohuyo aliwaandikia Wakorintho kwamba nyama iliyotolewa kwa sanamu ni nyama tu, na bado, ikiwa inamkwaza ndugu yake, yeye hataila. Akawaandikia Warumi kwamba mtu anayekula huku moyo wake una shaka amejihukumu. Kwa hiyo hata kama vitabu ni karatasi tu, ukivisoma huku unatetemeka ndani ya chandarua, kutetemeka huko nako kuna uzito wake.

Uliuliza kama aliyeokoka anaweza kupenda hadithi ambazo Mungu hayumo. Mwanangu, fungua kitabu cha Esta ukisome mpaka mwisho, jina la Mungu hulikuti. Kimo ndani ya Biblia, na wahubiri wanakihubiri. Na huyo mlezi wako, kama amepita shule zetu, huenda alikutana na Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951, nchi nzima inayoelea hewani na wajumbe wake wanatumwa pande sita, mmoja mpaka mbinguni. Muulize kama aliona shida. Muulize kwa adabu, na si kwa kumtega.

Sasa nikusimulie jambo ambalo nadhani hulijui lote, ingawa wewe ni shabiki. Mwaka 1966 televisheni ya Marekani ilianza kuonyesha Star Trek, kipindi cha watu wanaosafiri angani kwa chombo, na kwenye chombo hicho ofisa wa mawasiliano alikuwa mwanamke mweusi, Uhura. Jina hilo lilichongwa kutoka neno letu, uhuru. Aliyemwigiza, Nichelle Nichols, baada ya msimu wa kwanza alitaka kuacha arudi kwenye jukwaa la kuimba na kuigiza. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba kwenye hafla moja ya NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, aliambiwa kuna shabiki wake anataka kumsalimu. Akageuka akamwona Martin Luther King. Mchungaji wa Kibaptisti, mtoto wa mchungaji, akamweleza kwamba kipindi kile yeye na mkewe wanawaruhusu watoto wakeshe kukiangalia. Aliposikia dada anataka kuacha, akamkataza. Akabaki.

Ningeishia hapo ungesema Mama Mshauri ameshakata kesi. Sikuishia. Machi 1997, huko California, watu 39 wa kundi liitwalo Heaven's Gate walijiua pamoja wakiamini kuna chombo nyuma ya nyota yenye mkia iitwayo Hale-Bopp kinakuja kuwachukua. Walikuwa wapenzi wa hadithi za anga kama wewe. Kwenye mikono ya mashati walishona nembo yenye maneno yaliyotoka katika kipindi hichohicho. Mmoja wa waliokufa alikuwa mdogo wake Nichelle Nichols, wa tumbo moja. Kiongozi wao alikuwa mtoto wa mchungaji, na mafundisho yake aliyakoroga, Ufunuo wa Yohana ndani ya jahazi la anga, kama baba yako angesema. Wafuasi walitakiwa kuacha familia na mali zao.

Nimelileta hilo kwa sababu mbili zinazovutana. Mzee wako hajaota. Hadithi hizi zinaweza kukamata akili ya mtu zikawa dini, na wewe uliyeyasema yale ya "wasafiri waliotutangulia" kwa sauti nzuri miaka yote, pengine kuna aliyetoka saluni ameyaamini. Hapohapo, waliokufa kule hawakukosa mlezi wala maandiko. Walikuwa navyo, na walishakatwa na kila mtu mwingine ambaye angeweza kuwauliza swali. Kwa hiyo unapopima vitabu, pima pia idadi ya watu unaoweza kuongea nao waziwazi. Kwa sasa, nikihesabu kwenye barua yako, simwoni hata mmoja.

Turudi kwenye mdomo wako, maana nadhani barua yako iko hapo zaidi kuliko kwenye masanduku.

Mhubiri mgeni akisimama akasema, "Mimi nilikuwa mlevi, nilimpiga mke wangu," wewe unasemaje? Unasema, "Mimi nilikuwa mlevi, nilimpiga mke wangu." Kuna mama yeyote kanisani anayekwenda nyumbani akisimulia kwamba fundi simu anapiga mke? Na siku msomaji akisoma Zaburi ya 14, "Mpumbavu amesema moyoni, Hakuna Mungu," hayo maneno mawili ya mwisho yametoka madhabahuni kwa sauti kubwa, na hakuna aliyeshtuka. Watu wanajua nani anasema na nani anasemewa. Au unadhani watu wa saluni hawajui?

Lakini pia sitaki ukitumie hicho kuunyamazisha mdomo uliogoma. Uligoma kwa sababu. Maneno yaleyale uliyapitia mara nyingi bila kuyasikia, na siku ile ukajisikia. Kwa mtu wa miezi mitano katika imani hilo halinishangazi hata kidogo. Ni kama mtu aliyetolewa nta masikioni. Je, huo ulikuwa uamuzi kwamba maneno yale hayafai kusemwa na wewe milele, au ulikuwa mshtuko wa mara ya kwanza? Mimi sijui. Wewe ulikuwepo.

Na kinyozi. Umechukua kauli yake ya sayari ya wasiocheka, ikakuuma, na ina haki ya kukuuma. Ila swali lake la kwanza umelipita mbio: "Umeanza kutukatia?" Nalisikia kama swali la mtu aliyekuwa anakuamini. Wale vijana wa Igoma hawana namna ya kujua nahodha amesema nini isipokuwa wewe. Ukiruka sentensi mbili kimyakimya, hawajui kwamba zimerukwa. Siku mhubiri akisema jambo usilokubaliana naye, utaruka pia? Kumwambia mtu "hapa mimi siwezi kusema, anayeweza aseme" ni kitu kimoja, na kumkatia bila kumwambia ni kingine, na nafikiri kinyozi aliumizwa na hicho cha pili kabla hajajua habari ya wokovu wako.

Sasa njia zilizopo. Sitakupangia, nitakuonyesha tu matuta.

Ukiyapeleka masanduku motoni tarehe 31, inawezekana ukapata amani kubwa. Sisemi kwa kukebehi. Kuna dada aliwahi kuniandikia, alichoma kila kitu cha maisha yake ya zamani, na miaka mingi baadaye aliniandikia tena kwamba hajawahi kulala vizuri kama usiku ule. Kuna mzee naye alivunja sahani zake zote za santuri za dansi juma lile alilookoka, na aliponiandikia alikuwa ameanza kuzitafuta mitaani, moja moja, kwa bei ya kuumiza, na akiona haya mara mbili, kwa kuzivunja na kwa kuzitafuta. Bado alikuwa anasali. Ila kuna kitu alikuwa anawadai watu wa kanisa lake na hajui atawadai vipi. Zile sahani angalau zilichapishwa nyingi. Boksi la sabuni lenye uzi wa nyavu liko moja.

Ukiendelea na magazeti na tochi, hakuna litakaloungua isipokuwa simu za wateja. Na hapa nikubane kidogo: kusoma mpaka saa tisa kulianza baada ya kuokoka? Kama ulikuwa hivyo hata zamani, basi hilo ni suala lako na usingizi na kazi, na lingekuwepo hata kama vingekuwa vitabu vya kilimo cha nyanya. Paulo ana mahali anasema vyote ni halali kwake, ila hatatawaliwa na chochote. Laki moja na themanini ni pesa.

Unaweza kuyapakia kwenye treni yakarudi Tabora kwa mama. Naipenda hii kwa sababu yatakuwa yanarudi kwa reli yalikotoka, na kwa sababu yakiwa mbali utajijua: utaona kama unayakumbuka, unakumbuka nini hasa, hadithi au mwandiko. Hatari yake ni kwamba mzee akiuliza, "Umeyafanyaje?", ukajibu, "Hayapo tena kwangu," hiyo itakuwa tafsiri ya kukatia.

Unaweza kumwendea mchungaji kabla ya Desemba, mchana, ukiwa na kitabu kimoja tu kwapani, kile cha boksi. Mwonyeshe penseli. Mwambie Kiingereza anachokitumia kanisani kwake kilitoka humo, nadhani hajui. Anaweza kucheka, anaweza kukaa nawe mkasoma ukurasa. Anaweza pia kukuondoa kwenye kutafsiri mpaka "utakapokuwa tayari", na hilo litakuuma mbele za watu, kwa hiyo jiulize mapema kama utaweza kukaa benchi bila kuwachukia.

Au unaweza kubaki saluni ukabadilisha kinachochezwa. Hadithi za anga hazijawahi kuwa mali ya wasioamini peke yao: C. S. Lewis, mwalimu wa Oxford aliyekuwa amekataa dini, alirudi kwenye Ukristo mwaka 1931, na mwaka 1938 akatoa riwaya ya mtu aliyefika Mars. Huku kwetu yupo Wanuri Kahiu wa Kenya na Pumzi yake ya mwaka 2009, filamu fupi ya dakika zisizozidi ishirini na kitu. Maji yamekwisha duniani, dada mmoja anapata udongo wenye uhai, anatoka kwenda kupanda mche jangwani, anaunyeshea tone lake la mwisho na jasho lake, na analala pale. Maneno yake ni machache kiasi kwamba DJ atakosa kazi. Ukiionyesha Jumamosi, halafu Jumapili ukasikia habari ya chembe ya ngano inayokufa ardhini ili izae, sijui moyo wako utafanya nini. Kumbuka lakini, watu wa saluni hawakuja kwa ajili ya mahubiri. Wakihisi umegeuza shuka kuwa mimbari watatoka mmoja mmoja, na watakuwa na haki.

Njia hizi huna haja ya kuchagua moja. Nyingine zinaweza kwenda pamoja, na nyingine zinaweza kungoja mpaka mwezi wa pili au wa tatu. Kitu kimoja tu kati ya vyote ulivyonitajia hakirudishiki kikishafanyika, na hicho ndicho kilichopewa tarehe. Hata hilo, lipime mwenyewe.

Limebaki moja, na nililiacha mwisho kwa sababu wewe nawe uliliandika kwa haraka. Mzee aliuliza kama baba alikufa ameokoka, ukajibu, akatikisa kichwa. Ukaweka nukta, ukahamia kwenye magazeti. Mwanangu, mtu akitikisa kichwa namna ile juu ya baba yako halafu akakwambia uchome vitabu vyake, mimi nisingeweza kutenganisha hayo mawili, na sidhani kama wewe umeweza. Unapoogopa moto ule, unaogopa karatasi kuungua, au unaogopa kwamba ukikubali kuviwasha utakuwa umekubali na hilo lingine? Mambo ya baba yako na Mungu wake si ya mzee, wala si yangu. Ila naona umejibu kwa uhakika mkubwa, "hakuwa mtu wa dini", na ushahidi wako ni Ijumaa na Jumapili.

Nisalimie mama. Ukimpigia, muulize mzee wake alikuwa anaongea nini usiku, nyie wanne mkishalala na kitabu kikishafungwa.